Surua El-Daba

El-Daba, Jumapili, 14 Septemba 1997

Kwako Abti Abdille, ndugu wa pekee wa marehemu mama yangu,

Assalaam aleikum. Mimi ni mzima, nala na nalala. Nakuandikia kwa Kiswahili kama siku zote, maana ndiyo lugha uliyonishikisha nayo kalamu. Ayeeyo, mama yako, nilimwona Ijumaa. Jicho la kushoto limeziba kabisa, ila la kulia bado linamtambua kila mbuzi wake. Aliniuliza lini utakuja kumwona. Nikamwambia baada ya mtihani. Akasema, "Mtihani wa nani? Mimi wangu umekaribia zaidi." Ngamia wako yule mwekundu amezaa dume. Malisho hakuna, lakini kisima kinatoa maji.

Sasa lile lililonikalisha chini niandike. Tuna surua bwenini.

Ruweyda wa darasa la tano alirudi kutoka likizo macho yamemwiva, mafua yanamtiririka. Tukadhani ni vumbi. Alilala bwenini siku sita kabla vipele havijamtoka. Juzi muuguzi Diriye wa zahanati ya Habaswein alikuja, akawafungua watoto wengine vinywa, akanionyesha vidoa vyeupe ndani ya mashavu, kama chembe za chumvi. Akaniambia, "Mwalimu, hii ni jadeeco, surua yenyewe. Usidhani ni mpaka waguse mgonjwa. Mtoto akikohoa kisha akatoka, pumzi yake inabaki chumbani inamngoja mwingine."

Abti, wewe ni mwenyekiti wa shule hii na bweni unalijua. Wasichana themanini na sita, chumba kimoja, deka, vile vitanda vya ghorofa, zimebanana hata ndoo haipiti kati yake. Madirisha tuliyapigilia mabati kuzuia vumbi. Jana nilichukua nyundo nikayang'oa yote. Mwalimu mkuu Salat alinitazama kana kwamba nimeivua shule nguo. Wagonjwa sasa ni wanne. Nimewahamishia stoo ya mahindi, na anayewahudumia ni Hinda mpishi peke yake, kwa kuwa aliugua surua utotoni na haimpati tena. Madarasa tunayafanyia nje.

Nimemwuliza kila msichana kama amewahi kuchanjwa au kuugua. Wenye uhakika ni kumi na wanane.

Ndani ya bahasha hii kuna barua nyingine, imefungwa. Ni ya daktari wa huko Garissa. Diriye anasema chanjo za kutosha watu wote hawa ziko kwake. Mpe mkononi, Abti, siku hiyo hiyo. Chanjo ikimfikia mtoto siku tatu tangu avute ile hewa, inaweza kumkinga. Kila siku ina hesabu yake.

Dereva Mahat ndiye anayekuletea. Wasalimie wote nyumbani.

Mpwa wako,
Fatumo Awil


Garissa, 22 Septemba 1997

Mpwa wangu Fatumo,

Waaleikum salaam. Barua yako Mahat alinipa Alhamisi, tarehe kumi na nane. Tumefurahi kusikia Ayeeyo bado anabishana. Siku atakaponyamaza ndipo nitaogopa. Hapa wake zangu, shangazi zako, ni wazima. Joto limetukalia, Tana imekauka mpaka watoto wanaivuka kwa miguu, na wazee wa hapa wanasema mvua ya mwaka huu itakuja kwa hasira. Tutaona.

Nimekusoma na nimekuelewa. Sasa na wewe nielewe mimi.

Shule hiyo tuliijenga wanaume watano, tukabishana na mia. Walituambia bweni la wasichana ni zizi lisilo na mlango. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, tuna wasichana kumi na tisa wa kufanya mtihani wa darasa la nane. Imebaki miezi miwili. Kuna wazee wanaoamka kila asubuhi wakitafuta sababu ya kuja kuwachukua mabinti zao. Wakisikia neno surua, watakuja wote kwa siku moja. Na anayeondoka hapo akiwa na miaka kumi na nne harudi. Anaolewa.

Kwa hiyo fanya hivi. Neno hilo usilitaje kwa mzazi yeyote. Rejista iandikwe homa. Wagonjwa warudishwe kwao wakauguzwe na mama zao, kimya kimya. Mahat atakuja na lori mwisho wa mwezi. Waliobaki wasome.

Mambo ya mabati nitazungumza na Salat. Ulifanya haraka.

Mwambie Ayeeyo namwombea.

Mjomba wako,
Abdille


El-Daba, 29 Septemba 1997

Abti,

Assalaam aleikum, na natumaini shangazi zangu ni wazima. Ayeeyo anakusalimu, na anasema maombi yako ameyapokea ila yeye aliomba miguu yako.

Lori lilikuja leo asubuhi. Limeondoka bila mgonjwa hata mmoja. Nakueleza mwenyewe ili usisikie kwa mwingine.

Wagonjwa wamefika tisa. Salat alikuwa ameshaandika majina yao kwenye karatasi na Mahat ameshatandika magunia nyuma. Nilisimama kwenye lango.

Nikamwuliza Mahat, "Hawa utawashusha wapi?"

"Kila mmoja kwao. Wengine Habaswein, wengine Modogashe. Wawili nitawaacha kisimani, jamaa zao wananywesha mifugo huko."

"Kisimani kwenyewe kuna watoto wangapi siku hizi?"

"Kiangazi hiki? Mia mbili. Zaidi."

"Wamechanjwa?"

Akaangalia usukani. Nikamwuliza tena, "Na wanao wawili pale Habaswein, wamechanjwa?"

Abti, mtu huyo alizima injini. Alishuka, akaanza kukunja magunia yake bila kunitazama.

Salat akaja mbio. "Fatumo, hili ni agizo la mwenyekiti."

"Mwenyekiti namjua. Ndiye aliyenibeba mabegani siku yangu ya kwanza shuleni."

"Basi mtii."

"Mwambie nimekataa. Na kama unataka kuwapakia, wapakie mwenyewe, uwabebe kifuani mmoja mmoja, wakukoholee usoni."

Hakuwapakia.

Usifikiri nataka shule ifungwe. Nikiifunga, kila msichana ataondoka na maradhi chini ya shuka yake, na ukweli uliousema kuhusu ndoa ni ukweli. Ninachotaka ni hiki: hakuna anayetoka na hakuna anayeingia mpaka surua ikose mtu wa kumwingia. Wazazi wanaokuja nawasimamisha nje ya lango nawaambia ni surua. Ndiyo, neno lenyewe. Watatu wamekasirika. Mmoja alitaka kumchukua binti yake kwa nguvu, nikamwambia mdogo wake wa mgongoni ndiye atakayelipia. Akamwacha binti ndani, akaenda zake na mdogo mgongoni kuleta maziwa.

Lakini mpaka sasa natumia nyundo na lango. Bila chanjo nachelewesha tu, sizuii. Ile barua ya daktari, uliifikisha? Barua yako ilikuwa ndefu na haikuitaja.

Fatumo


Garissa, 6 Oktoba 1997

Kwa Mwalimu Fatumo Awil,

Ninaandika kama mwenyekiti wa kamati.

Umekataa agizo mbele ya mwalimu mkuu na mbele ya dereva. Umewatangazia wazazi jambo uliloagizwa usilitangaze. Wajumbe wawili wa kamati wamekuja hadi dukani kwangu kuniuliza kama shule ina mwenyekiti au ina mpwa wa mwenyekiti.

Hili ni onyo la kwanza na la mwisho. Kamati itakaa Desemba, na jina lako litakuwa la kwanza mezani. Ukijirekebisha kabla ya hapo, nitakuwa na la kukutetea.

Kuhusu mengine uliyouliza, tutazungumza tukionana.

Abdille

Dawa ya macho ya Ayeeyo iko kwa Mahat. Matone mawili asubuhi, mawili jioni.


El-Daba, 13 Oktoba 1997

Abti,

Salamu nitazileta siku nyingine.

Sharifo amefariki jana, Jumapili, baada ya alasiri. Sharifo Kalicha wa darasa la nane, yule aliyetoka upande wa Buna. Ulimpa zawadi ya kalamu mwaka jana kwa ajili ya hesabu, labda unamkumbuka. Alipokuja hapa alikuwa na Kiborana tu. Kisomali alikiokota bwenini, Kiswahili darasani, na mwaka huu alikuwa anawasahihisha wenziwe katika zote mbili.

Vipele vilimtoka tarehe mbili. Siku ya tano tulidhani amepona, akaomba uji, akaomba daftari lake. Kisha ikashuka kifuani. Diriye alimpa dawa aliyokuwa nayo na matone ya vitamini, naye akalala hapa, zahanati yake akaiacha imefungwa. Hinda alimshika mgongoni akiwa amekaa, maana akilala hakupata pumzi. Alikuwa anavuta hewa kama mtu anayepanda kilima, na hapa kwetu hakuna kilima. Mwisho alizungumza Kiborana na hapakuwa na mtu wa kumwelewa. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Tumemzika upande wa mashariki wa uwanja. Kwa baba yake tumetuma habari kwa redio ya polisi.

Salat aliandika kwenye rejista "malaria." Nilikata mbele yake nikaandika "surua", nikatia sahihi yangu. Akasema nitajuta. Nikamwambia mficha maradhi kilio humfichua, na kilio tayari tumekisikia.

Wagonjwa ni kumi na saba sasa.

Abti, nakuuliza mara ya pili na sitauliza ya tatu. Ile barua iko wapi?

Fatumo


Modogashe, 20 Oktoba 1997

Fatumo,

Inna lillahi wa inna ilaihi raajiun.

Barua yako ya msiba nilipewa Jumatano jioni. Alhamisi asubuhi nilikwenda kwa daktari kabla hajafungua mlango. Barua yako kwake ilikuwa katika mfuko wa ndani wa koti langu. Hapo ndipo ilipokaa tangu Mahat aniletee. Siku ishirini na nane.

Daktari ni kijana. Aliifungua akaisoma amesimama. Akaniuliza, "Mzee, hii ni tarehe kumi na nne ya mwezi gani?"

Nikasema, "Septemba."

"Na leo?"

Hakunitukana. Laiti angenitukana. Aliita watu wake, na saa mbili baadaye gari lilikuwa tayari, chanjo ndani ya kisanduku cha barafu.

Nilipanda gari hilo. Mvua imetupata njiani, mvua ambayo sijaiona maishani mwangu. Laga zote, ile mikondo mikavu ya kiangazi, zimekuwa mito. Gari limezama hapa Modogashe mpaka milango, na barafu haingoji. Tulituma habari kwa redio ya polisi, na Diriye amekuja kutoka kwenu na ngamia wawili kukipokea kisanduku. Anaondoka sasa hivi. Mimi mguu wangu hautaweza tope hili, nitarudi gari likitolewa.

Utataka kujua kwa nini. Nilijua daktari akiisoma atakuja mwenyewe na atafunga shule. Una binamu uliyemsikia kwa jina tu, Anab, binti yangu wa kwanza. Mwaka wa themanini na nne alikuwa darasa la saba. Shule yao ilifungwa kwa maradhi, wakasema wiki mbili. Haikufunguliwa tena mwaka huo. Nikakaa naye nyumbani, watu wakaniuliza namngojea nini, nikamwoza. Alikufa akijifungua, hajatimiza miaka kumi na sita. Mimi ndiye niliyepokea mahari kwa mikono hii. Shule ya El-Daba niliijenga kwa sababu yake, na sikumwambia mtu.

Niliogopa kufungwa kwa shule kuliko nilivyoogopa surua. Ndiyo hivyo.

Naomba jambo moja tu. Baba wa mtoto huyo akija, usimwambie habari ya koti. Mwambie barabara.

Abdille


El-Daba, Jumapili, 30 Novemba 1997

Abti,

Assalaam aleikum. Majuma sita hakuna lori lililopita, ndiyo maana uko kimya na mimi kimya. Ayeeyo yu hai. Herio yake, kile kibanda cha mikeka, ilibebwa na maji, tukamleta hapa shuleni, na sasa anaamuru jikoni kuliko Hinda. Kabla hajavuka lango Diriye alimwuliza kama aliwahi kuugua surua. Akajibu, "Kabla babu yako hajatahiriwa." Tukampitisha. Mbuzi wake kumi na mmoja wamekufa kwa maji. Anawataja kwa majina.

Kisanduku kilifika tarehe ishirini na mbili, barafu imebaki kama kokoto. Tulichanja siku hiyo hiyo, Diriye na mimi, mpaka giza likaingia. Waliokwisha ambukizwa kabla ya hapo waliendelea kutokeza mpaka tarehe mbili Novemba. Baada ya hiyo, hakuna hata mmoja. Wameugua ishirini na watatu. Amekufa mmoja. Mwingine, mdogo wa darasa la pili, sikio moja halisikii.

Karatasi za mtihani ziliteremshwa kwa ndege. Wasichana kumi na wanane waliufanya. Watatu kati yao walikuwa bado hawajamaliza siku zao za kutengwa, kwa hiyo waliufanyia stoo, milango na madirisha wazi, na msimamizi amekaa nje ya dirisha chini ya turubai akinyeshewa. Alilalamika. Nikampa chai. Hakuna aliyechukuliwa kuozwa, Abti. Hata mmoja. Wazazi waliambiwa ukweli, na ukweli ukawafanya wangoje.

Nisikilize basi kuhusu Januari. Nimebandika tangazo langoni kwa mkono wangu. Msichana asiye na kadi ya chanjo ya surua haingii bwenini, awe wa nani. Deka zitakuwa hatua mbili kutoka moja hadi nyingine, na mabati ya madirisha nimeyafanya mlango wa choo ili yasirudi yalikotoka. Mwenye homa na macho mekundu analala stoo siku ile ile. Kamati yako ikae Desemba inifukuze ikitaka. Watakaponiletea barua ya kufukuzwa nitaisoma, kisha nitakwenda kupiga kengele ya somo la kwanza.

Ulifika Modogashe, ukarudi. Diriye alikuwa na ngamia wawili, na mmoja alirudi bila mzigo wala mtu.

Anab Mungu amrehemu. Ningependa kumjua.

Kalicha, baba yake Sharifo, bado hajafika. Buna wamezungukwa na maji. Kuhusu uliloniomba, sijakuahidi.

Fatumo


Garissa, 21 Desemba 1997

Mpwa wangu Fatumo,

Waaleikum salaam warahmatullah. Nimefurahi Ayeeyo yuko kwenu. Hapa Tana imevunja kingo, mashamba ya ndizi yote yako chini ya maji, na familia nne zimehamia uani kwetu. Usiku kuna kikohozi huko uani. Asubuhi ya kwanza niliwauliza mama zao habari za kadi. Wakanishangaa, mzee mzima kuuliza mambo ya kliniki.

Kamati ilikaa jana. Walioweza kufika ni saba. Salat alileta rejista, na ukurasa ule uliokata ukapitishwa mkono kwa mkono. Mmoja akasema mwalimu anayekata maandishi ya mkuu wake hafai hata kuchunga. Mwingine akasema msichana amekufa kwa sababu mwalimu alikataa lori. Eti angekuwa kwa mama yake angepona. Wakaniangalia mimi nikubali.

Nilitaka kukubali, Fatumo. Nakuambia ukweli. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni.

Nikasimama nikavua koti, nikaliweka mezani juu ya rejista. Nikawaambia, "Barua ya kuomba chanjo ilikaa hapa ndani siku ishirini na nane. Mwalimu aliiandika siku ya pili baada ya muuguzi kuitambua surua. Mtoto aliambukizwa ikiwa kifuani kwangu. Anayetaka kumfukuza mtu, aanze na mwenye koti."

Kisha wakazungumza mpaka magharibi. Wewe umebaki kwa kura nne dhidi ya tatu. Tangazo lako la langoni limebaki pia, ingawa waliliita kiburi. Mimi nimeondolewa, na sikupinga. Mwenyekiti mpya atatajwa baada ya Idi.

Kwa hiyo sasa huna wa kumwandikia kama mkubwa wako. Niandikie kama mjomba, ukipenda.

Habari ya Kalicha sirudii kukuomba. Lakini pia sijamwandikia mimi. Nimejaribu mara mbili. Salamu nazimaliza vizuri, halafu mkono unasimama.

Abdille


El-Daba, Jumapili, 18 Januari 1998

Abti,

Assalaam aleikum, na Mungu akubali saumu yako. Ayeeyo anafunga ingawa tumemkataza. Anasema njaa haijawahi kumwua, wamekufa mbuzi tu. Tulimweleza uliyoyafanya kwenye kamati. Akasema, "Huyo ndiye niliyemzaa. Yule mwingine sikumjua." Hayo ni yake. Mimi sijafika huko, na sitakudanganya kuwa nimefika.

Shule imefunguliwa. Siku ya kwanza nilirudisha wasichana kumi na wanne kwa kukosa kadi, wawili wakiwa wa mjumbe wa kamati. Alinipigia kelele mpaka kilemba kikamwanguka. Nikakiokota nikampa. Diriye aliweka meza nje ya lango, na ilipofika wiki ya pili wote kumi na wanne walikuwa na kadi na ndani wako sabini na tisa. Wengine barabara imewazuia, watakuja.

Kalicha alifika Jumatatu. Ni mtu mrefu, mwembamba, Kiswahili chake ni cha sokoni. Alikuja na binti yake mdogo, Ikran, mwenye miaka tisa. Alinisalimu, akaniuliza kaburi. Alikaa huko peke yake tangu adhuhuri hadi jua lilipopoa, kisha akaja akachuchumaa nje ya lango.

"Mwalimu," akasema, "dawa ilikuwepo?"

"Ilikuwepo."

"Wapi?"

"Garissa."

"Mliiomba lini?"

"Septemba, tarehe kumi na nne."

"Ilikuja lini?"

"Oktoba, ishirini na mbili."

Alihesabu kwa vidole, polepole, akarudia. "Njiani ilikaa wapi?"

Abti, mvua ilikuwa tayari kwenye ulimi wangu. Angeiamini. Amepita katika maji hayo hayo kufika kwangu. Nikamwambia, "Barua yangu ilikaa mfukoni mwa mjomba wangu, ndugu wa mama yangu. Aliogopa shule itafungwa. Sijui kama chanjo ingewahi kumkinga Sharifo, hilo anajua Mungu. Lakini nafasi ilikuwepo, naye aliishika."

Mimi nililia, yeye hakulia. Mwisho akamsogeza Ikran mbele. "Na huyu?"

"Ana kadi?"

"Hana."

"Basi leo haingii."

Alinitazama kwa namna ambayo sitaisahau. Mtu aliyezika kwangu binti mmoja analeta wa pili, nami namfungia lango. Hata hivyo sikulifungua. Diriye alikuwa arudi na chanjo Jumatano. Kalicha alifunga turubai kwenye ua wa miiba, akalala nje na mtoto siku mbili. Nilikuwa nawapelekea futari mwenyewe. Ikran alichanjwa akiwa ameshika ndevu za baba yake. Tumemweka stoo peke yake na Hinda kwanza, tumwangalie, kabla hajalala na wenzake. Masomo tunafanyia nje, naye anakaa nyuma kabisa. Jana alinyoosha mkono mara tatu.

Kisha Kalicha akaniuliza jina lako na mtaa wako.

Nikamwuliza, "Unamtakia nini?"

"Kumwuliza. Wewe umenijibu yako. Yake hajajibu."

Nikampa jina. Nikampa na mtaa.

Barua hii Mahat anakuletea mpaka mlangoni. Anayesimama nyuma yake unaposoma ni Kalicha. Hana silaha, na tangu Buna hajakaa kwenye nyumba ya mtu. Ni Ramadhani, na nimemwagiza Mahat abishe hodi jua likikaribia kuzama. Mkaribishe, mfuturishe kwanza. Kisha mjibu kwa kinywa chako.

Fatumo